Sura ya 7: Kasi Inayofika

Misafara ya Waswahili iliyofuata pembe za ndovu bara ilikuwa ikitua Mumias kabla ya kushika njia ya kaskazini. Hapo ndipo kijana mmoja wa Kiskoti, Walter Dalrymple Maitland Bell, alipojipanga kuingia Karamoja, nchi ambayo leo ni kaskazini-mashariki ya Uganda. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wawindaji wengi wa Kizungu wa wakati huo waliamini bunduki za mitutu miwili zenye kipenyo cha inchi .450 na kuendelea, bunduki nzito kiasi kwamba mpagazi alizibeba mpaka dakika ya mwisho. Bell akapendelea Mauser ya milimita 7, ambayo risasi yake ilibuniwa ili askari wa Ulaya wauane wenyewe kwa wenyewe. Hadi anaacha kazi hiyo alikuwa ameua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao walianguka kwa risasi hiyo ndogo.

Idadi hiyo siisomi kwa raha. Pembe zile ziliishia kwenye vibao vya piano na mipira ya biliadi, na Karamoja ikabaki bila tembo wake wakubwa. Lakini anayetaka kuielewa risasi hawezi kumruka Bell, kwa sababu hesabu ya dukani inasema alichokifanya hakiwezekani.

Muuza bunduki hupenda kupima risasi kwa nishati ya mwendo: nusu ya masi, zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi. Kichwa cha risasi ya Bell kilikuwa na greini 173. Greini ni kipimo cha kale ambacho watu wa bunduki wamegoma kukiacha. Greini 7,000 hufanya ratili moja, kwa hiyo tunazungumzia gramu 11 na kidogo. Kilitoka mtutuni kwa mita 700 hivi kwa sekunde. Piga hesabu, utapata jouli 2,700. Risasi ya .450 Nitro Express, iliyotolewa na John Rigby wa London mwaka 1898, ilirusha gramu 31 kwa mita 655 kwa sekunde, yaani jouli 6,600 na zaidi. Kwa kipimo hicho Bell alimwendea tembo akiwa na nguvu isiyofika nusu ya ile ya wenzake. Tembo hakujua kwamba kuna kipimo hicho.

Siri ilikuwa kwenye umbo la kile kichwa. Kilikuwa kirefu na chembamba, pua butu ya mviringo, gamba gumu limekifunika mbele yote. Ukiugawa uzito wa kichwa kwa mraba wa kipenyo chake, unapata kiasi cha uzito kinachosukuma nyuma ya tundu linalotobolewa. Kwa hesabu hiyo greini 173 za milimita 7 zinalingana karibu kabisa na greini 300 za .375, risasi inayoheshimika Afrika nzima. Mifuo ya ndani ya mtutu wa Mauser ilikizungusha kichwa mara moja kila sentimita 22, mzunguko wa haraka unaofaa kukishika kitu kirefu kisiyumbe. Na ile kasi ya mita 700, ambayo leo ingemfanya kijana wa Texas acheke, haikuwa kubwa kiasi cha kulipasua gamba wala kukipinda kichwa kikigonga mfupa. Kilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ubongo, ambao Bell alijua ulipo kwa sababu alikuwa amepasua mafuvu kwa msumeno ili aone.

Leo hakuna ruhusa ya kumwiga. Tanzania, mnyama wa hatari huwindwa kwa bunduki isiyopungua .375, na sioni ubaya wowote, maana sheria hutungwa kwa ajili ya mpigaji wa kawaida mwenye mikono inayotetemeka. Ninachokichukua kwa Bell ni swali la kuanzia: kile kichwa kinapomgusa mnyama kina kasi gani, na kimetengenezwa kuvumilia kasi gani? Anayejaza risasi zake mwenyewe akilijibu hilo kwanza, mengine yote yanapangika. Wengi huanzia upande wa pili, mdomoni mwa mtutu, na huko ndiko wanakopotea.

Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Baada ya kufyatua, baruti na kichwa vimekwenda, fataki imekwisha kazi, na ganda limebaki. Huko Marekani mamilioni ya watu hulirudisha ganda hilo nyumbani, hulibana kwa mashine ya mkono mpaka lirejee kipimo chake, huitoa fataki kuukuu na kutia mpya, humimina baruti iliyopimwa kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya greini, kisha hukikandamiza kichwa kipya mahali pake. Kwetu sheria za Kenya na Tanzania hazimwachii mtu binafsi kujitengenezea risasi pasipo kibali. Zinazotengenezwa hutoka katika viwanda vya serikali, Mzinga kule Morogoro na kile cha Eldoret. Aliyewahi kumwona mzee wa kijijini akishindilia gobore kwa baruti na vipande vya chuma ameona babu wa kazi hiyo, ingawa yule mzee hakuwa na mizani.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi hii ilipanuka ghafla. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya jeshi iliyobaki akaiuza kwa ratili, na mwaka 1949 Joyce Hornady akaanza kutengeneza vichwa huko Grand Island, Nebraska. Mtu wa kawaida akapata uhuru ambao zamani ulikuwa wa kiwanda: kuchagua kichwa anachotaka na kukipa kasi anayotaka. Akachagua kasi.

Wajazaji walikuwa wameandaliwa zamani. Mwaka 1925 Winchester ilitoa risasi ya .270, kichwa cha greini 130 kwa zaidi ya mita 950 kwa sekunde, mwendo wa ajabu kwa siku zile. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wawindaji walilalamika: mnyama wa karibu alikuwa akiharibika nyama yote ya bega. Kampuni ikasikia, ikaleta kichwa kizito zaidi chenye mwendo wa pole. Hakikununulika. Watu walewale waliolalamikia nyama waliiacha ile ya pole kwenye rafu na kurudia ile ya haraka. Mwandishi Jack O'Connor wa jarida la Outdoor Life aliipigia debe .270 kwa miongo kadhaa, huku Elmer Keith, mfuga ng'ombe wa Idaho, akimjibu kwamba bila kichwa kizito na kipenyo kikubwa hakuna kuwinda. Walibishana maisha yao yote na kila mmoja akauza magazeti. Naye Roy Weatherby akafungua duka California mwaka 1945 akiwa na injili moja tu, kwamba kasi huua, na maganda ya risasi zake yalikuwa manene ya kumeza baruti nyingi kuliko yaliyozoeleka.

Kasi inanunua nini hasa? Chukua kichwa kinachosafiri mita 200 kwa wastani wa mita 800 kwa sekunde. Kitatumia robo sekunde. Ndani ya robo sekunde kitu chochote duniani, kiwe embe au risasi, huanguka sentimita 30 hivi. Sasa ongeza wastani uwe mita 900: safari inapungua, na anguko linakuwa sentimita 24. Zile mita 100 za nyongeza zimenunua sentimita sita. Gharama yake ni ganda kubwa zaidi, baruti zaidi, teke begani na mtutu unaoliwa upesi na moto. Zaidi ya hayo kuna kanieneo. Ndani ya ganda la bunduki ya kisasa gesi husukuma kwa zaidi ya mara 3,500 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, na mjazaji anapoongeza baruti karibu na kikomo, kasi hupanda kidogo ilhali kanieneo hupanda kwa kishindo. Ndiyo sababu mjazaji makini halisahau ganda alilokwisha kulipiga. Analigeuza kitako juu, analisogeza kwenye taa. Fataki yenye kingo za mviringo ni dalili njema. Fataki iliyolala bapa hadi kujaza kishimo chake, au alama ya kung'aa pale shaba ilipochomoza na kuingia kwenye tundu la kitolea ganda, inamwambia arudi nyuma. Komeo la bunduki likigoma kuinuka asingoje alama nyingine.

Kisha ipo hewa. Kwa muda mrefu wanazuoni walidhani hewa haina cha kumfanya kitu kizito kinachokwenda mbio. Mwingereza Benjamin Robins aliwaumbua mwaka 1742. Alining'iniza gogo zito, akalipiga risasi, akapima limebembea kiasi gani, na kutokana na mbembeo huo akakokotoa kasi ya risasi. Akisogeza gogo mbali na bunduki, kasi ilikuwa imeshuka vibaya: hewa ilikuwa ikiizuia risasi kwa kani kubwa mara nyingi kuliko uzito wa risasi yenyewe. Mwaka 1886, huko Fiume, Peter Salcher alipiga picha kwa maelekezo ya Ernst Mach, na watu wakaona kwa macho wimbi la hewa iliyobanwa mbele ya risasi iliyoushinda mwendo wa sauti. Majeshi yakaelewa. Wafaransa wakachonga kichwa chao mwaka 1898, Wajerumani wakafuata miaka michache baadaye, na ile pua butu aliyoitumia Bell ikabaki kwa wawindaji wa porini.

Pua kali na kitako kilichopunguzwa hubadilisha mashindano. Weka vichwa viwili vya kipenyo cha .308. Cha kwanza kina greini 150 na kitako bapa, kinatoka kwa mita 885 kwa sekunde. Cha pili kina greini 180, chembamba nyuma, kinatoka kwa mita 820 tu. Kabla hawajafika mita 300 yule mzito amempita mwepesi kwa kasi, na ana uzito wa ziada mfukoni. Hewa yenyewe haifanani kila mahali. Ya Arusha, kwenye mita 1,400 juu ya bahari, ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Bagamoyo, na jedwali lililoandikwa kwa usawa wa bahari litampotosha mpigaji wa masafa marefu. Mwindaji anayepiga kwa mita 80 kichakani hana haja ya kujua hayo, na huwa nashangaa jinsi watu wa mita 80 wanavyonunua vichwa vya mita 600.

Aliyewarudisha watu kwa mnyama alikuwa dereva wa lori. John Nosler wa Ashland, Oregon, alikwenda British Columbia mwaka 1946 kuwinda moose, mnyama wa misitu ya baridi aliye mrefu kuliko farasi. Mkononi alikuwa na .300 Holland & Holland, bunduki ya haraka ya wakati wake. Akampata dume mkubwa aliyegaagaa kwenye matope mpaka tope likakauka begani kama lipu ya ukuta. Nosler akapiga, mara moja, mara ya pili, na zaidi. Vichwa vilikuwa vikisambaratika juu juu, kwenye tope na ngozi, bila kufika penye uhai. Bunduki haikuwa na kosa, wala mpigaji. Kasi ilikuwa nyingi mno kwa gamba jembamba lenye kiini cha madini laini ya risasi.

Mtu mwingine angetafuta bunduki ya pole. Nosler alirudi akachonga kichwa chenye vyumba viwili. Gamba la shaba lilipita katikati kama ukuta, kiini cha mbele upande huu, cha nyuma upande ule. Sehemu ya mbele hufunguka, hupanuka, hata ikibidi huvunjika. Ufa ukifika kwenye ule ukuta, husimama, na nusu ya nyuma inaendelea kuchimba ikiwa nzima. Mwaka 1948 akaanza kukiuza kwa jina la Partition, na hadi leo kinauzwa. Uzuri wa wazo lake ni kwamba lilikubali ukweli mmoja: mpigaji hachagui mnyama atatokea umbali gani.

Hapa ndipo mjazaji mgeni anapojikwaa. Kichwa cha kufunguka kina kiwango cha chini na cha juu cha kasi. Chini ya mita 550 hivi kwa sekunde, vingi havifunguki sawasawa. Vinatoboa tundu dogo na mnyama anakimbia na maumivu yake kutwa nzima. Juu ya kiwango chake, kichwa laini hupasuka. Risasi inayotoka kwa mita 885 inamkuta swala wa mita 40 ikiwa bado na zaidi ya mita 850, na yule wa mita 300 ikiwa na 640 hivi. Anayesifu kichwa chake kwa sababu kilifanya kazi safi kule mbali hajakijaribu bado. Jaribio gumu ni lile la karibu, pofu akiwa amesimama kimshazari nyuma ya kichaka na mfupa wa bega njiani. Kwa hiyo hesabu huanzia pale: mnyama gani, mfupa gani, umbali wa karibu kabisa na wa mbali kabisa. Ukishajua hayo, kichwa kinajichagua, na kasi ya mdomoni mwa mtutu inakuwa namba iliyobaki tu, mara nyingi ndogo kuliko ile ambayo bunduki ingeweza kutoa.

Tembo na nyati wana hesabu yao. Huko kichwa hakitakiwi kufunguka, kinatakiwa kufika, na mwaka 1956 Winchester iliahidi kwamba kitafika kwa bei ya bunduki ya kawaida. Risasi yao ya .458 Winchester Magnum ilinuia kurusha greini 500 kwa mita 650 kwa sekunde, sawasawa na zile bunduki za Kiingereza za bei ya kutisha, tena kwa ganda fupi. Ufupi huo ndio uliowaponza. Kichwa kirefu kilikula nafasi ya baruti, baruti ikalazimika kubanwa, na baruti iliyobanwa ikikaa muda mrefu inaweza kugandamana na kuwaka vibaya. Wawindaji wakaanza kukutana na risasi zilizotoka zikiwa na kasi pungufu kuliko ilivyoandikwa. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alibuni mwaka 1971 ganda refu zaidi la kipenyo hichohicho, .458 Lott, ili baruti ipate mahali pa kukaa. Mimi namhesabu Lott upande wa Bell kuliko wa Weatherby. Alitafuta kasi ileile iliyoahidiwa, ipatikane kila mara, bila kulikamua ganda.

Joto nalo lina sauti yake. Baruti ya kordaiti, waliyoibuni Waingereza mwaka 1889 na kuitengeneza kwa nyuzi ndefu zenye naitrogliserini nyingi, iliwaka kwa ukali zaidi kila jua lilipopanda. Watengenezaji wa London walilijua hilo, wakajaza risasi za India na Afrika kwa kipimo kilichopunguzwa. Siku hizi ziko baruti zisizoyumbishwa sana na joto, lakini siyo zote, na Mmarekani aliyepimia risasi zake Montana kwenye theluji ya Januari anaweza kuzitoa kwenye gari Selous mwezi Oktoba, zikiwa za moto hata kuzishika. Kama alikuwa amefika kikomo kule, huku amekipita. Tena hana akiba ya kujaribia: kanuni za ndege zinamruhusu kilo 5 za risasi tu.

Lakini kasi haijafa, na imerudi kwa mlango ambao Weatherby asingeukisia. Huko California tai wakubwa waitwao kondori walikuwa wakifa kwa sumu ya vipande vya madini ya risasi vilivyobaki kwenye matumbo ya wanyama walioachwa na wawindaji. Tangu Julai 2019 jimbo hilo limepiga marufuku vichwa vya madini hayo kwa uwindaji wote. Badala yake ni shaba tupu, ya aina ambayo Randy Brooks wa kampuni ya Barnes aliiingiza sokoni mwaka 1989: pua ina tundu, ikigonga hufunguka kwa petali nne, na kichwa hubaki na karibu uzito wake wote. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi na ni ngumu zaidi. Kichwa cha uzito uleule kinakuwa kirefu zaidi, kinaomba mzunguko wa haraka zaidi kutoka kwenye mifuo, na hakifunguki vizuri mwendo ukipungua. Kwa hiyo mjazaji aliyezoea greini 180 hushuka hadi 150, anaipandisha kasi, na hapotezi kitu kwa sababu hakuna kinachomeguka njiani. Yule aliyerithi bunduki ya babu yake, yenye mifuo inayozunguka polepole iliyokatwa kwa ajili ya vichwa vifupi, atakuta mashimo yamepigwa ubavu kwenye karatasi ya shabaha, na hapo baruti haimsaidii; inambidi atafute kichwa kifupi zaidi au abadilishe mtutu.